Mwonjaji wa Pilau ya Maombi

Mwalimu wetu wa bayolojia alikuwa na shingo nyembamba na maneno mazito. Mkanda wa suruali aliufunga karibu na kifua, hivi kwamba akitaka kutoa kitambaa mfukoni ungedhani anajikuna kwapa. Alipocheka, na hakuwahi kucheka kwa ajili ya jambo zuri, alitoa sauti ya pikipiki inayokataa kuwaka asubuhi. Jina lake sikuwahi kulisikia likitajwa. Sisi tulimwita Mwalimu wa Bayo. Walimu wenzake pia. Hata mke wa bawabu, aliyemuuzia mandazi kupitia tundu la ua, alimwita hivyo, na huyo mama bayolojia aliijua kwa kuzaa tu.

Nianze na ukatili wake, maana ndio aliokuwa nao kwa wingi.

Karatasi za mtihani hakutugawia mkononi. Maabara yetu iko ghorofani, na dirisha lake linatazama uwanja. Waliopita aliwawekea karatasi mezani. Waliofeli alisimama dirishani, akasoma jina na alama kwa sauti ya muuza mitumba, kisha akaiachia karatasi upepo. Wewe ulishuka ngazi mbio ukaokota aibu yako mbele ya kidato cha kwanza, na upepo wa mtaa wetu wa Donholm ulivyo hauna huruma, kuna siku karatasi yangu ilivuka ua ikaenda kusomwa na makanga wa matatu za barabara ya Outer Ring.

Alitupa majina ya viumbe. Brayo, rafiki yangu aliyerudia darasa, alikuwa Ameba, "kwa sababu anasonga lakini haendi popote." Msichana mmoja mnene aliitwa Kupe mpaka akahama shule. Mimi nilikuwa Kuvu.

"Kuvu haitaki jua, haitaki juhudi," aliwaeleza wenzangu. "Inaota tu palipooza. Kuvu, mama yako akikuuliza leo umejifunza nini, utamwambia nini?"

"Nitamwambia nimekuona wewe, mwalimu. Hiyo inatosha wiki nzima."

Darasa likavunjika mbavu. Mimi nikaenda kupiga magoti nje ya ofisi ya prinsipo, mkuu wa shule, mahali nilipopajua kuliko chumba changu cha kulala. Nilikuwa hata na kona yangu yenye kivuli.

Alikuwa na misemo yake. "Nafikiri" ilikuwa tusi kwake. Ukianza jibu na "nafikiri", alikukatiza: "Mbuzi pia anafikiri. Umepima?" Mwingine ulikuwa "ukweli hauna mama," yaani hakuna mtu wa kuulilia wala kuutetea ukipigwa, na wenyewe haumlilii mtu. Aliusema huo alipomwambia Brayo mbele ya baba yake kwamba daktari hatakuwa, fundi wa meno hatakuwa, na hata mgonjwa mzuri hatakuwa kwa sababu hawezi kufuata maagizo.

Ila usidhani alikuwa mtu wa kitu kimoja. Kidato cha pili nililazwa hospitali na nimonia. Darasa zima liliahidi kuja. Aliyekuja ni yeye, na chupa ya uji wa wimbi. Alisimama miguuni mwa kitanda changu, akawatazama wagonjwa wengine kama sampuli, kisha akanisomea noti za mfumo wa upumuaji kwa sauti ya juu mpaka nesi akamwomba apunguze. "Huyu anaumwa mapafu," alimjibu nesi, "masikio yake ni mazima." Akarudi kesho yake, na kesho yake tena, na uji, na matusi. Nilipopona akaniambia nimewapotezea dawa watu wenye manufaa.

Na upande wa chakula alikuwa kichekesho kamili. Alijua kila kitu kinachoweza kukua juu ya nyama. Kwa muuza mutura, ule utumbo uliojazwa nyama na damu, nyuma ya stendi alisimama kila jioni akamwambia, "Wewe unauza kinyesi kilichopangwa vizuri." Kisha anakula. Anaongeza chumvi na pilipili kwa vidole, anakula tena. Kikombe chake cha chai ofisini hakikuoshwa tangu nijiunge na shule. Ndani kilikuwa na rangi ya lami. Mwalimu wa Kiswahili alipojaribu kukisugua, walikosana muhula mzima. "Hao ni bakteria wangu," alisema. "Tunajuana."

Kabla ya ualimu aliwahi kufanya kazi kwenye maabara ya kupima vyakula. Kwa nini aliondoka hakusema, ila tulipomsumbua sana alitwambia bakteria walikuwa na adabu kuliko sisi. Na alipofundisha vinasaba vya hao wadudu wake, hapo tu, sauti ilishuka, mikono ikaanza kucheza hewani, na ungeweza kumpenda kama usingekuwa unamjua.

"Chukua kitabu kikubwa kuliko Biblia ya nyanya yako," alisema. "Hicho ndicho DNA ya bakteria mmoja. Ndani yake kuna mstari mmoja tu wenye maagizo ya kutengeneza sumu. Hiyo ndiyo jeni ya sumu. Utasoma kitabu chote? Huna akili hiyo. Unaweka alama mwanzo wa mstari na alama mwisho, unaipa mashine. Mashine inapiga kopi ule mstari peke yake. Kopi zinapigwa kopi, na hizo zinapigwa kopi, mpaka rundo linakuwa kubwa hata Kuvu, ambaye hajawahi kuona kitu darasani, analiona. Na kama mstari haumo kitabuni?"

"Mashine inatulia," tukajibu.

"Inatulia kama Ameba akiulizwa swali."

Kuna bakteria aliyempenda kuliko wote, yule anayekaa puani na kwenye ngozi za watu. "Wengi wenu mnaye saa hii. Hawafanyi kitu. Lakini mwingine wa ukoo uleule amebeba jeni ya sumu. Kwenye darubini wanafanana kama mapacha. Ndiyo maana kumtazama mtu sura ni upuuzi. Ni kama kwenda Kayole ukasema kila kijana mwenye kofia ni mwizi. Polisi ndio hufanya hivyo. Mimi nampekua mfukoni."

Sasa ndipo aingie Mama Nekesa.

Mama Nekesa alikuwa mpishi mkuu wa shule, mama mnene kutoka Bungoma, mwenye mikono mikubwa na nyimbo za kanisani. Alitulisha githeri, mahindi na maharagwe tu, ambayo watu wa shule za jirani waliruka ua kuja kuiiba. Nyumba yake ilisimama juu ya ile kazi. Mumewe alikuwa amestaafu reli na alikuwa na mgongo mbaya na mdomo mbaya zaidi, na watoto wao wawili walisoma hapohapo kwetu kwa sababu mama yao alikuwa jikoni. Kazi ikiondoka, kila kitu kinaondoka nayo. Hilo kila mtu alilijua, na Mwalimu wa Bayo pia.

Shuleni kwetu kuna desturi: chakula hakipakuliwi mpaka mwalimu wa zamu aonje. Walimu wengine huletewa kisahani ofisini, wanagusa kwa kijiko, wanarudisha. Mwalimu wa Bayo alikwenda mwenyewe jikoni, akakataa kijiko, akatia mkono kwenye sufuria. "Kijiko hakina ulimi," alisema. Alichambua, akanusa, akachagua kipande, akakirudisha, akachukua kingine. Mama Nekesa aliimba kwa sauti zaidi ili asimtukane.

"Chumvi imepungua," anasema.

"Jana ulisema imezidi, Mwalimu."

"Jana ilizidi. Leo imepungua. Chumvi haina msimamo jikoni kwako, mama, kama ya wapishi wote wa kubahatisha."

Ikaja siku ya maombi. Kila mwaka kabla ya mtihani wa mwisho, watahiniwa huombewa. Wazazi wanakuja, mchungaji anakuja, kalamu zetu zinapakwa mafuta, na baadaye watu wanakula. Mwaka ule waliahidi pilau ya nyama. Majiko yetu ni machache na asubuhi yangehitajika kwa chapati, kwa hiyo pilau ilipikwa jioni ya kuamkia siku hiyo. Na hapa ndipo mitaa yetu ya Eastlands inapojidhihirisha: chakula cha watu wengi kikilala, hufunikwa blanketi kama mtoto mwenye homa, kibaki na joto. Mama zetu walituma mablanketi. La kwetu lilikuwa lile lenye simba. Usiku kucha sufuria zililala vuguvugu, na hakuna aliyeona ubaya, kwa sababu ndivyo tulivyofanya kwenye kila matanga na kila harusi tuliyowahi kula.

Wiki hiyo Mwalimu wa Bayo alikuwa amejikata kidole gumba akitupasulia sungura. Kidonda kilikuwa kimevimba, kina usaha, kimefungwa plasta iliyochoka. Zamu ilikuwa yake. Jioni ile alishuka jikoni, akabandua plasta ili isimharibie ladha, akatia mkono kwenye pilau. Tulikuwa tunapanga viti, tukamwona mlangoni akichambua nyama za mafuta.

"Inapita," alisema. Kwake hiyo ilikuwa sifa.

Asubuhi wapishi waliipasha moto mpaka ikafuka moshi. Tukaombewa, tukala, tukarudi ukumbini kumalizia maombi. Wa kwanza kutapika alikuwa mama mmoja wa kwaya. Kisha watatu kwa pamoja. Mchungaji alidhani ni mapepo yanatoka, akaongeza sauti. Kadiri alivyokemea ndivyo watu walivyotapika, na kadiri walivyotapika ndivyo alivyotiwa moyo, mpaka yeye mwenyewe akashika tumbo katikati ya "toka!" na kutoka mbio. Brayo alilala sakafuni akisema anamwona babu yake. Hakuna aliyekufa, ila msichana wa kidato cha kwanza alitundikiwa maji, na nyanya yangu, aliyekuja kuniombea, alipelekwa hospitali akiwa amebebwa kwa lile blanketi la simba.

Mwalimu wa Bayo hakutapika. Yeye alishakula pilau jana yake ikiwa ndiyo kwanza imetoka motoni, na siku ile akala mandazi ya mke wa bawabu. Alitembea kati ya wagonjwa akijisifu kwamba tumbo lake limesoma.

Jumatatu gwarideni alipanda jukwaani. Mama Nekesa alikuwa amesimama kando ya bendera na wasaidizi wake wawili.

"Tazameni mikono hii," alisema, akimwonyesha Mama Nekesa kwa kidole chenye plasta. "Mikono hii inakanda unga, inafuta jasho, inapangusa makamasi, kisha inawapakulia nyinyi. Shule nzima imetapishwa na mtu mmoja asiyejua sabuni."

Tulicheka. Tulikuwa na hasira na tulikuwa wengi. Mtu akapiga sauti ya kutapika, darasa zima likaitikia. Mama Nekesa hakuinua uso. Wanawe walikuwa kwenye mistari, mmoja mbele yangu tu, na nikaona masikio yake yakiwa mekundu kama yamefinywa.

Watu wa afya wa kaunti walikuja wakachukua pilau iliyobaki. Baada ya siku kadhaa majibu yakarudi: walijaribu kuotesha bakteria kutoka kwenye chakula, hakikuota kitu. Mama Nekesa akafikiri ameokoka. Aliimba siku hiyo nzima.

Mwalimu wa Bayo ndiye aliyemnyamazisha. "Kuotesha ni kuwauliza walio hai," alituambia. "Hii pilau ilipashwa moto. Bakteria wamekufa. Lakini sumu yao haifi kwa moto, na maiti zao zimo humo na DNA yao. Mimi nitawauliza wafu."

Akaenda kwa prinsipo akamwambia apewe muda, atamleta mwenye kosa akiwa amefungwa mikono na miguu. Prinsipo, mama wa suti ambaye hakupenda kitu chochote kilichochukua zaidi ya muhula, alikubali. Mama Nekesa akaambiwa asubiri nyumbani. Kama atakutwa hana kosa, arudi. Kama ni yeye, asirudi, na watoto nao watafutiwe shule nyingine.

Kabla hajaondoka, Mwalimu wa Bayo alikuja na vijiti vya pamba. Akampangusa Mama Nekesa puani na mikononi, akawapangusa wasaidizi. Mama Nekesa alifumba macho.

"Panguza tu, Mwalimu," alisema. "Mungu ananijua."

"Mungu hana maabara."

Kisha, kwa ajili ya mfano tu, akajipangusa mwenyewe. Alitueleza kwamba kwenye jaribio unahitaji mtu msafi wa kulinganisha. Akaviandika vijiti namba badala ya majina, ili anayepima asipendelee, akavipeleka pamoja na pilau kwa mwanafunzi wake wa zamani anayefanya kazi kwenye maabara kubwa mjini. Namba ya nani ni ipi, alijua yeye peke yake.

Siku picha ya majibu ilipotumwa, hakuifungua. Angeweza kuitazama ofisini kama watu. Lakini alipenda watazamaji, na alitaka tumwone akishinda. Aliita kidato chote cha nne maabara, akafunga mapazia, akawasha projekta.

Ukutani ikatokea picha nyeusi yenye mistari myeupe, kama ngazi zilizolaliana. Upande wa kushoto pilau. Kisha namba moja, mbili, tatu, nne.

"Mstari wa juu ni jeni ya sumu," alisema, bado akizitazama sura zetu na si ukuta. "Aliyenao anaonyesha mwanga. Wa chini ni sehemu ya DNA inayojirudiarudia. Urefu wake hutofautiana baina ya koo za bakteria. Yote miwili ikilingana na ya pilau, huyo ndiye. Nyinyi ni mahakama. Ameba, soma."

Brayo akasimama. Mara ya kwanza maishani mwake jibu lilikuwa ukutani, kubwa, linang'aa.

"Pilau iko na sumu, mwalimu."

"Namba moja?"

"Moja hana kitu. Mbili iko na huo wa chini, lakini haiko urefu sawa, na sumu hana. Tatu hana."

"Na namba nne?"

"Nne!" darasa zima likapiga kelele. "Nne! Amepatikana!"

Wasee wa darasa waligonga meza. Mimi nilisimama juu ya stuli.

"Anyongwe!" nikasema. "Kwanza apakwe pilau!"

"Afukuzwe!"

"Na watoto wake waende naye!" Huyo alikuwa Brayo. Watoto wa Mama Nekesa hawakuwa darasani kwetu, basi hakuna aliyemwambia anyamaze.

Ndipo nikaona kwamba Mwalimu wa Bayo ametugeuzia mgongo. Alikuwa ameukaribia ukuta mpaka kivuli cha shingo yake kikasimama katikati ya pilau na namba nne. Akaweka kidole kwenye mstari wa juu. Akakishusha kwenye wa chini. Akarudia. Kidole gumba kilikuwa tayari kimepona, kina ngozi mpya ya waridi.

"Kuvu," alisema bila kugeuka. "Umehukumu anyongwe kwa msingi gani?"

"Si tumepima, mwalimu? Hatujafikiri."

"Vizuri. Hapo nakupa alama zote. Namba nne ni mimi."

Kisha mtu wa nyuma akatoa ile sauti ya kutapika, ile ya gwarideni, na tukaanguka. Tulicheka mpaka wengine wakalia. Brayo aliishika meza kama anazama. Mwalimu alisimama kwenye mwanga wa projekta, mistari myeupe ikimpita usoni, akingoja tumalize, na tulipomaliza alisema kazi ya nyumbani ni ukurasa unaofuata.

Mimi kwa vile nilisimama juu ya stuli, nilipelekwa kwenye kona yangu nje ya ofisi. Ndiyo maana nilisikia.

"Mwalimu," prinsipo alisema, "unataka niwaambie wazazi kwamba mwalimu wangu ndiye aliyewatapisha?"

"Ndiyo. Na Mama Nekesa arudi leo."

"Akirudi wataniuliza nani basi. Nikisema ni wewe, wataniuliza nani alikupa zamu. Ni mimi."

"Jibu liko wazi."

"Liko wazi kwako. Mpishi mwingine ameshaanza kazi. Nenda ukafundishe."

Hakwenda kufundisha. Kwenye mkutano wa wazazi alisimama bila kupewa nafasi, na ile picha mkononi. Aliwaambia yote, kidonda, plasta, sufuria, blanketi, mistari. Aliwaambia kwa namna alivyotuambia sisi kila kitu, kama anawatukana.

Mzee mmoja akainua mkono. "Mwalimu, hivyo vidudu navyo vina ukoo? Vinajuana kwa jina?"

Ukumbi ukacheka.

"Watu wa kaunti walisema hakuna kitu kwenye chakula," mwingine akasema. "Wewe umekiona wapi?"

"Waliwauliza walio hai. Mimi niliwauliza waliokufa."

"Ehe! Sasa ni mganga!"

Kisha mama mmoja wa safu ya mbele akasema polepole, na sauti yake ndiyo iliyoshinda: "Mimi nauliza tu. Huyu si ndiye alimtukana mpishi gwarideni? Leo anajitia kitanzi kwa ajili yake. Wamekutana wapi katikati?"

Hawakuhitaji zaidi. Kabla ya chai kumalizika hadithi ilikuwa imefika Outer Ring na kurudi. Mwalimu na mpishi. Ndiyo maana alikuwa hatoki jikoni. Ndiyo maana alitia mkono kwenye sufuria. Nyumbani mathe wangu alimwambia nyanya, aliyekuwa amepona na anataka udaku, "Mwanamume hajibebeshi sumu ya mpishi bure." Nikawaeleza habari za jeni, vizuri kabisa, na kopi, na urefu wa mistari. Nyanya akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Alikuwa anapenda nyama za mafuta, eh?" wakacheka wote wawili.

Mume wa Mama Nekesa hakuuliza kuhusu mistari. Alipanda basi la Bungoma na watoto na godoro, akamwachia mkewe chumba tupu na jina baya. Kazi haikurudi. Prinsipo alimpa barua nzuri yenye maneno "kwa manufaa ya pande zote". Mwalimu wa Bayo alikaa mpaka tukafunga shule, hakusemeshwa na mtu, kisha hakuonekana tena. Walisema anafundisha tuisheni kwenye ukumbi wa kanisa fulani. Mimi nilirudia mwaka, kama alivyotabiri.

Mwezi uliopita nilikuwa Kayole, Spine Road, kwa Mama Nekesa. Anauza githeri chini ya mwavuli uliopauka, kati ya fundi wa viatu na muuza makaa. Huwa naenda kwa sababu ni tamu na kwa sababu pale hajulikani, foleni ni ya kweli, ya chakula na si ya udaku. Watu wa huko wanamwita Mama Githeri na hawajui zaidi.

Nilikuwa nimekaa kwenye kreti, nakula, alipotokea. Shingo ilikuwa imezidi kuwa nyembamba, na mkanda ulikuwa umezidi kupanda. Alisimama pembeni mpaka foleni ikaisha.

"Habari ya kazi, Mama Nekesa."

"Kazi ilikuwa shuleni, Mwalimu. Hii ni kuhangaika."

Akafungua bahasha akatoa ile picha. Alikuwa ameichapisha kubwa na kuifunika plastiki.

"Nimekuletea. Uitundike hapa kwenye mwavuli. Nimeandika maelezo chini, kwa Kiswahili rahisi. Mtu akiuliza..."

"Nani anauliza?" Mama Nekesa alikuwa anapangusa sinia na hakuacha. "Hapa hakuna anayeuliza. Nikitundika hiyo ndipo wataanza. Hii ni nini, mama? Ni sumu. Sumu gani, mama?"

"Lakini inasema si wewe."

"Ilisema hivyo hata wakati ule. Ilinirudishia nani?"

Mtu aliyekuwa na jibu la kumtupia kila mtu dirishani alisimama na plastiki yake mkononi, na jua likaipiga hata mistari isionekane. Akairudisha kwenye bahasha. Ikakataa kuingia, akaikunja pembe.

"Basi nipakulie," alisema. "Hata nusu sahani. Sijala tangu asubuhi."

"Hapana."

"Mama Nekesa."

"Wewe sikulishi. Ukiumwa tumbo nitaulizwa mimi. Na ukisema si mimi, nitaulizwa mbona unanitetea. Songa, unanizibia wateja."

Wateja hawakuwapo. Tulikuwa watatu tu na fundi wa viatu, ambaye alikuwa amesinzia. Mwalimu wa Bayo akasonga hatua moja, akawa mbele yangu. Alinitambua, nadhani, ila hakuniita jina lolote.

"Ni tamu?" akaniuliza.

Mdomo ulikuwa umejaa. Nilitafuna mpaka mwisho, nikameza.

"Tamu sana, mwalimu."

Nikachota kingine. Hakuondoka. Alisimama pale juani akikitazama kijiko changu kinavyopanda na kushuka, na Mama Nekesa, bila kuombwa, akaniongezea upawa mwingine uliojaa mpaka ukamwagika. Nikaila yote, polepole, nikalamba na sahani.